Kihindi Changu cha Alhamisi

Kwa miaka minne sasa, kila Alhamisi, adhuhuri ikishaswaliwa, Subira na Biasha huja nyumbani kwangu Msambweni kutazama sinema ya Kihindi. Urefu wake unatutosha kama uliopimwa: ukiianza baada ya adhuhuri, alasiri inapoadhiniwa watu wameshaoana au wameshazikwa. Subira huja na makuti yake akashona huku anatazama, maana hawezi kukaa na mikono mitupu. Biasha huja na sahani ya viazi vya karai na ukwaju. Mimi nilikuwa natoa televisheni, stima na maneno.

Maneno ndiyo hasa waliyoyafuata.

"Anasema nini huyo?" Subira alikuwa akiuliza, sindano imesimama hewani.

"Anamwambia babake, ukinioza kwa mtu huyu utakuwa umenizika nikiwa hai."

"Ee Mola wangu!"

Mtaani kwetu hakuna mwingine aliyesemwa kuwa anajua Kihindi. Nilipopita na beseni langu la samaki wa kukaanga, kuna walioonyeshana kwa vidole: yule Mwanafatuma, mama Hafswa, Kihindi anakisikia chote. Mimi sikusoma. Chuoni nilifika juzuu ya pili, na skuli sikuwahi kuingia hata kufagia. Mtu kama mimi akiambiwa kuna kitu anakijua yeye peke yake, hakiachi kwa urahisi.

Nilikipata Ramisi. Babangu alikuwa mkata miwa siku zile kiwanda cha zamani kikingali kikisaga, nami nilipofika umri wa miaka kumi alinipeleka nyumbani kwa Muhindi mwenye duka, nimbebe mtoto wao. Mama wa nyumba tulimwita Bai. Alikuwa na video, na kila mchana mumewe akiwa dukani alifunga madirisha akatia kanda. Mimi nilikaa karibu na mlango na sinia la mchele, nachagua mawe. Bai hakupenda kutazama peke yake.

"Wewe ona, Fatuma," aliniambia. "Huyu mama yake yule, lakini yeye hapana jua. Sasa ngoja. Sasa lia."

Nami nililia kweli, machozi yakaingia kwenye mchele.

Nilikaa pale miaka sita. Nilipotoka nilikuwa nasema lugha ya nyumba ile: leta maji, funika maziwa, mtoto ana homa, mjinga wewe. Watu walinisikia wakasema, anajua Kihindi. Hata mimi nilisema hivyo. Nilikuwa mtu mzima na mtoto mmoja nilipoingia duka la vitambaa Ukunda, nikamkuta bibi mgeni aliyetoka India kwenyewe, mmoja wa wale wanaokuja Diani kufanyia harusi hotelini. Nikamsalimu, nikamwambia maneno yangu yote. Alinitabasamia kama mtu anavyomtabasamia paka. Mwenye duka akanambia taratibu, "Mama, wewe nasema Kikachi. Yeye nasema Kihindi. Yeye hapana sikia wewe."

Huku kwetu pwani, chochote kitokacho kinywani mwa Muhindi ni Kihindi. Hakuna anayeuliza zaidi. Nilichukua habari ile nikairudisha nyumbani chini ya buibui, na sikumwonyesha mtu.

Lakini msidhani nilikuwa mtupu. Mtu akitazama sinema miaka thelathini na zaidi, kuna yanayomwingia. Nayajua maneno ya moyo, na damu, na mama, na Mungu, na nenda, na rudi. Zaidi ya hayo nazijua nyuso. Najua mama mkwe anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo. Najua stelingi akigeuka polepole kuna habari mbaya nyuma yake, na akigeuka haraka habari ni mbaya lakini atapigana nayo. Mvua ikinyesha na mwanamke yuko nje peke yake, kuna mtu atafika. Haya niliyasoma mwenyewe, bila mwalimu.

Na nawaambia kwa nini nazipenda sinema hizi kuliko nyingine zote. Si nyimbo, ingawa nyimbo nazipenda, wala si nguo. Ni kwamba aliyedhulumiwa hupewa nafasi ya kusema. Anasimama mbele ya aliyemdhulumu, watu wote wananyamaza, na hata upepo unamngoja. Anasema mpaka anamaliza. Hakuna anayemkata, hakuna anayemwambia, basi, yameshapita. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko kupata haki yenyewe.

Maana mimi sikupewa hata neno moja.

Alfani mume wangu alikuwa mpishi hotelini Diani. Tulikaa miaka ishirini na mmoja. Mitatu ya mwisho alikuwa na mke mwingine Ukunda, na mtoto, na nyumba ya bati jipya, nami sina habari. Kuoa wa pili si haramu, najua. Angekuja akanambia ningelia wiki moja kisha ningeinuka. Alificha, kisha alipochoka kuficha akaniacha. Talaka ililetwa na ndugu yake, nami niko uani naparua samaki. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Nilimwomba anisomee kwa sababu mimi sikuweza. Akanisomea talaka yangu mwenyewe, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Mwaka ule ule nilijiandikisha darasa la kina mama, nikajifunza herufi kwa hasira, ili karatasi yangu isisomwe tena na mtu mwingine.

Nilikuwa wa mwisho kujua. Subira alikuwa anajua. Biasha alikuwa anajua zaidi, maana Alfani ni mtoto wa ami yake, na harusini alikwenda, akala pilau. Miaka mitatu tulikuwa tukisalimiana asubuhi, "Mama Hafswa, hujambo, Alfani hajambo?" Na mimi najibu, hajambo, amechoka na kazi.

Hata hivyo baada ya eda walikuja. Biasha alikuja na viazi, Subira akaja na makuti yake, wakakaa. Hatukuwa na la kusema, basi nikawasha televisheni. Kulikuwa na sinema ya mwanamke aliyeachwa na mumewe akamlea mwanawe kwa kufua nguo za watu. Mwisho mume alirudi, na yule mwanamke akalia, akamfuta uso kwa ncha ya nguo yake. Nilijua kabisa ni nini kile. Subira akauliza, "Anamwambia nini?" Nikafungua kinywa kusema, amemsamehe. Neno halikutoka. Nikasikia ninasema, "Anamwambia, nakufuta uso ili nikuone vizuri, nisije nikakusahau siku ya Kiyama."

Biasha aliinamisha kichwa, na moyo wangu ukapoa. Ulipoa sana.

Tangu siku ile nikawa nafanya hivyo. Si kila mahali, maana wangenigundua. Ni pale tu panapotolewa msamaha. Mwanamke mmoja alivishwa pete mpya na mume aliyetubu, nikasema anaitupa baharini sinema ikiisha. Mama mkwe aliyekwisha kusamehewa aliingia stoo, nikasema amefungiwa humo na mkaza mwanawe. Subira na Biasha walikuwa wakitikisa vichwa na kusema, wanawake wa Kihindi wana roho ngumu. Kwa miaka mitatu walijua kitu kuhusu maisha yangu nisichokijua. Sasa mimi ndiye niliyejua, wao wameketi kwenye mkeka wangu wananitazama mdomoni. Sitasema uongo kwamba iliniuma. Ilikuwa tamu.

Mwaka huu baada ya Idi, Subira akaoza mwanawe, akapata mkaza mwana kutoka Likoni. Warda ni msichana mwembamba, mpole, aliyemaliza kidato cha nne na kupita vizuri. Kabla ya fungate kumalizika Subira akanitangazia mlangoni kwangu kwa furaha, "Alhamisi nakuja na Warda. Nimemwambia tuna mfasiri wetu, hataki kuamini!"

Nililala vibaya usiku ule na uliofuata. Sinema za siku hizi, zile ninazojaziwa kwenye flashi pale Ukunda, huja na maandishi ya Kiingereza chini. Subira na Biasha hayakuwa yakiwashughulisha; kwao yalikuwa kama mistari ya kanga. Mimi mwenyewe herufi nilizojifunza ni za Kiswahili, na kwa mwendo wangu ningemaliza neno moja wakati watu wameshahama nyumba. Lakini msichana wa kidato cha nne angeyasoma kama anavyokunywa maji. Nilimwambia mwenye duka la flashi anitafutie zisizo na maandishi. Akacheka. "Mama, wenzako wanalipia zaidi wapate maandishi."

Basi nikachukua kitambaa cha televisheni, kile nilichokifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, nikakigeuza: badala ya kukitandaza juu nikakiteremsha mbele, kikaziba sehemu ya chini ya kioo.

Warda aliingia nyuma ya mama mkwe wake, amejifunga leso mpya. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo." Nikamkalisha pembeni kabisa.

Siku ile ilipita salama, ila Biasha alinung'unika. "Mwanafatuma, watu wanacheza ngoma hawana miguu. Kitambaa hicho kina nini?"

"Ni cha urembo."

"Urembo wa kukata watu miguu?"

Alhamisi iliyofuata nilikuwa jikoni natia kahawa niliposikia wimbo wa kwanza, na Biasha anasema, "Ah, leo tuwaone na viatu." Niliporudi kitambaa kilikuwa begani kwake, na maandishi meupe yanapita chini kama siafu. Sikuweza kukirudisha. Ningesemaje?

Ilikuwa sinema ya mwanamke wa shamba ambaye mumewe alikwenda mjini akamfuata mwimbaji. Kwa saa mbili nilifasiri sawasawa, najitahidi kuliko siku zote, nao walinisikiliza. Kisha mume akarudi. Ana mvi, nguo zimepauka, amesimama mlangoni. Mwanamke yuko jikoni anasukuma chapati. Akanyanyuka, akaja mpaka pale, akainama akamgusa miguu huku machozi yanamtoka. Akasema maneno machache, polepole.

"Anasema nini?" Subira akauliza.

Ningeweza kuyasema ya kweli siku ile. Nilijua Warda anatazama. Lakini kinywa changu kilikuwa kimeshazoea njia yake. "Anamwambia, kunywa maji upumzike. Ukimaliza, mlango ni huo huo uliokuingiza."

"Mbona anamshika miguu?"

"Ndiyo desturi yao. Wakimfukuza mtu kwa heshima humshika miguu."

Nikamtazama Warda. Midomo yake ilikuwa inakwenda kidogo kidogo, kama ya mtu anayesoma kimoyomoyo. Ikasimama. Akanitazama, kisha akatazama chini haraka.

Biasha hakosi kitu. "Warda, wewe una skuli, na hapo chini pameandikwa. Ndivyo hivyo?"

Warda alimtazama mama mkwe wake, kisha akanitazama mimi. Bi harusi wa wiki mbili tatu hamkosoi mtu mzima nyumbani kwake, tena mbele ya mama mkwe. Ndivyo alivyolelewa, na alilelewa vizuri.

"Maandishi yanakimbia, mama," alisema. "Sikuyawahi. Lakini ndivyo alivyosema Mama Hafswa."

Alinitabasamia. Nami nimeshawaambia kwamba nyuso nazijua. Uso ule niliuona miaka mitatu mfululizo. Niliuona kwa Subira kisimani nilipomwambia kwamba Alfani analala hotelini kwa sababu ya wageni wengi. Niliuona kwa Biasha kila alipokuwa akiniuliza hali. Ni uso wa mtu anayejua na anakunyamazia kwa adabu. Na sasa ulikuwa kwenye uso wa msichana ambaye hajamaliza hina mikononi, na mimi ndiye niliyemvalisha. Nilifikiri, leo amejifunza hapa kwangu. Siku moja jambo kama langu litamfika na yeye, na watu watamtazama hivi hivi.

Nikachukua rimoti nikaisimamisha sinema.

"Msichana ananisitiri," nikasema. "Ameyasoma. Mwanamke amemsamehe mumewe."

"Umesema anamfukuza," Subira akasema.

"Nimesema uongo. Na Kihindi sikijui. Ninachokijua ni Kikachi cha jikoni, kuleta maji na kufunika maziwa. Mengine nasoma nyuso zao. Pale wanaposameheana najua wanasameheana, ila mimi siyasemi."

Subira alitua makuti. "Yule aliyetupa pete baharini?"

"Hakuitupa. Ilikuwa mpya, aliipenda sana."

"Na mama mkwe aliyefungiwa stoo?"

"Alikwenda kuchukua unga."

"Allahu akbar! Hadithi ile nimemsimulia Warda siku ya fungate, nimwonye!" Warda alijiziba mdomo kwa leso, sikujua kama analia au anacheka. Subira hakucheka. "Nimelia machozi ya miaka minne, Mwanafatuma. Nimelia kweli kweli."

Biasha alikuwa amekunja kile kitambaa mara nyingi mpaka kimekuwa kidogo. "Umetukalisha kwenye mkeka wako," alisema, "tunakula sahani moja, na unatudanganya miaka yote hiyo?"

"Wewe ulinidanganya mitatu. Na ulikula pilau."

Nilingoja aruke, akane. Hakuruka.

"Nilikula," alisema. "Alfani ni mtoto wa ami yangu, nilialikwa, nikaenda, nikala nikashiba. Nilipotaka kukwambia, mama akanikataza, akasema mambo ya mtu na mumewe hayaingiliwi. Nikamsikiliza kwa sababu ilikuwa rahisi kumsikiliza. Kisha ulipoachwa nikaja na viazi. Sikujua nije na nini kingine."

"Ungekuja na neno."

"Ningekuja nalo, ungenifungulia?"

Alichukua sahani yake, viazi vingine havijaliwa, akatoka. Subira akakusanya makuti, Warda akaniaga, "Kwaheri, mama," kwa sauti ndogo. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa.

Alhamisi iliyofuata hakuja mtu. Niliwasha peke yangu nikajaribu kutazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ramisi sinema ilinichosha. Nilikuwa nikifungua kinywa kusema "anasema hivi" na hakuna wa kumwambia. Nilikumbuka kwamba Bai, aliyejua kila neno, naye alihitaji mtoto wa kumbebea mtoto ili awe na wa kumwambia, sasa lia. Nikafikiri, hawa wanawake nimewafukuza kwa mkono wangu mwenyewe. Alfani alinichukulia mengi, lakini Alhamisi hakunichukulia yeye.

Alhamisi ya pili, Subira alibisha hodi, Warda nyuma yake. Hakuomba radhi wala hakutaka yangu. Alikaa mahali pake akatoa sindano. "Nataka kuimaliza ile," alisema. "Siwezi kulala bila kujua yule mume alipewa chapati au hakupewa. Warda atasoma."

Warda akasoma. Alikuwa akitafsiri vizuri, lakini kwa sauti moja, kama tangazo la chifu. "Nimekusamehe. Ingia ndani. Chakula kinapoa. Watoto wako shambani."

Subira alivumilia kwa muda. "Mwanangu, anasema 'chakula kinapoa' hivyo hivyo tu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Subira akanigeukia. "Mama Hafswa, uso unasemaje?"

Nilimtazama yule mwanamke kwenye kioo kwa muda. "Uso unasema amemsamehe kwa sababu amechoka kuwa na hasira, na chapati zimeungua," nikasema. "Lakini hajamwamini. Tazama jicho."

"Ehe," Subira akasema, akaanza kushona. "Sasa nimeelewa."

Tukaendelea hivyo, Warda anasema maneno, mimi nasema nyuso. Sinema ilikuwa imebaki kidogo kwisha mlango ulipofunguliwa, Biasha akasimama kizingitini na sahani iliyofunikwa. Hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza.

"Nimekosa nini?" aliuliza.

"Mume amerudi," nikamwambia. "Mke amemsamehe."

"Ndivyo sinema inavyosema, au ndivyo unavyosema wewe?"

"Ndivyo inavyosema sinema. Muulize Warda."

"Na wewe?"

Nilitaka kumpa neno zuri, na lingekuwa uongo, na nilikuwa nimeapa kwamba uongo umekwisha katika chumba kile.

"Mimi bado, Biasha," nikasema. "Sijafika huko. Huenda nisifike."

Aliitikia kwa kichwa, akaweka sahani katikati ya mkeka, akaketi nyuma yangu.

"Haya, basi sogea kidogo," alisema. "Unaniziba."

Nikasogea.